Daftari la Majina ya Ndizi

Habari kwamba Agnetha, mwenzake wa shule, amerudi kijijini Songambele, Benadeta aliipatia dukani kwa Mwajabu, Jumatatu asubuhi, alipokwenda kuchukua chumvi. Mwajabu alikuwa hodari wa kupima sukari, lakini maneno hakuwahi kuyapima.

"Mwenzangu, hujasikia? Kuna dada mmoja anazunguka vitongojini na kinasa sauti. Anakaa na wazee, anawauliza hiki mnakiitaje, kile mnakiitaje. Wakijibu anaandika. Halafu anamalizia: mzee wangu, wewe ulizaliwa wapi?"

"Katumwa na nani?"

"Chuo kikuu, anasema. Eti anasomea lugha. Mtu mzima na akili zake atoke Dar es Salaam aje kuuliza jina la ndizi!" Mwajabu akainama juu ya meza na kushusha sauti, ingawa dukani hamkuwa na mtu mwingine. "Ni binti wa yule mtendaji wetu wa zamani. Mzee Melkiory."

Benadeta aliaga akaondoka. Alikuwa nusu ya njia alipokumbuka kwamba chumvi kaiacha dukani, na hakurudi kuifuata.

Huku Kyerwa, mtu anayeuliza ulizaliwa wapi havutiwi kiti upesi. Wilaya imepakana na nchi nyingine mbili, na watu wamevuka huku na kule tangu enzi za mababu, wakaoana, wakazikana, na kwa miaka mingi hakuna aliyemkaba mwenzake kumuuliza alianzia wapi. Kisha ukaja mwaka wa operesheni, ambapo walioitwa wageni walitakiwa waondoke. Majina yalisomwa mbele ya ofisi ya kijiji, na aliyeshika karatasi alikuwa mtendaji, Melkiory. Jina la kumi na moja lilikuwa Nsanzimana, baba yake Benadeta, mtu aliyepanda kila mgomba wa kibanja chao kwa mikono yake mwenyewe. Aliondoka na begi moja na koti la kanisani. Miaka miwili baadaye mchuuzi wa mbuzi alileta habari kwamba amekufa huko, na mpaka leo kaburi lake hawalijui.

Benadeta alikuwa na miaka kumi na saba siku ile. Sasa alikuwa na ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo kumi na miwili alijiuliza swali moja tu: nani alimwambia Melkiory kwamba baba alizaliwa ng'ambo? Jibu alikuwa nalo. Ni lile daftari.

Lilianzia darasani, kidato cha pili, katika shule ya kutwa. Mwalimu Gosbert, aliyewafundisha Kiswahili, aliuliza siku moja ile ndizi kubwa ya kupika inaitwaje nyumbani kwenu, akajibiwa majina matano. Walimu wengine wangesema lipi ni sahihi na kuendelea na somo. Yeye aliyaandika yote matano ubaoni, akarudi nyuma hatua mbili, akayatazama kwa furaha kama mtu aliyefikiwa na wageni. Wasichana wawili wa dawati la mbele walipagawa. Wiki hiyohiyo Benadeta na Agnetha walishona daftari kwa karatasi za mitihani ya zamani, wakaanza kukusanya majina ya ndizi: enshakara, entobe, embwailuma, embire ya kukamulia pombe. Ndizi zilipokwisha wakahamia kwenye kahawa, mvua, magonjwa ya ng'ombe, hadi matusi. Kila ukurasa ulikuwa na sehemu tatu: neno, maana, aliyesema. Ile ya tatu aliishikilia mwalimu Gosbert mwenyewe.

"Andikeni nani kasema na katoka wapi," alisema. "La sivyo watu watadhani mmeyaokota barabarani."

Agnetha ndiye aliyekuwa na mwandiko na mpangilio. Sikio lilikuwa la Benadeta. Alikuwa akimsikia mtu akiagiza mandazi anakwambia huyu ni wa Ihembe, yule ni wa Rugera, yule mama yake ni Mhaya wa kule ziwani, na hakosei. Walikubaliana kwenda chuo kikuu wote wawili, wasome lugha mpaka lugha zichoke.

Na ni Benadeta mwenyewe, kwa mkono wake, aliyeandika ukurasa wa baba. Mzee Nsanzimana alimpa maneno ishirini kwa mkupuo, anacheka, anamrudisha nyuma akikosea kuyatamka. Kwenye sehemu ya tatu msichana akaandika kwa majivuno: Nsanzimana, baba yangu. Alizaliwa ng'ambo ya mto, alivushwa mgongoni mwa mama yake. Likizo ilipofika daftari lilikwenda nyumbani kwa Agnetha, yaani nyumbani kwa mtendaji. Wiki tatu baadaye, shule imekwisha kufunguliwa, jina la baba likasomwa.

Hakumsemesha tena Agnetha. Barua zilizotoka kidato cha tano alizirudisha bila kuzifungua. Mtihani wake wa kidato cha nne aliufanya kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi, na matokeo yakawa ya namna hiyohiyo. Habari za mwenzake ziliendelea kumfikia hata akiziba masikio. Agnetha kaingia chuo kikuu. Agnetha kachukua digrii ya isimu, hiyo elimu ya lugha. Agnetha anafundisha, Agnetha anatafuta udaktari wa vitabu. Kila habari ilimchoma. Ulikuwa wivu, tena wivu mkubwa, lakini Benadeta aliuita chuki, kwa sababu chuki yake ilikuwa na sababu ambayo angeweza kumweleza mtu yeyote.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Speciose, ameketi kwenye mkeka akimenya ndizi za mchana. Bibi huyu alikuwa anakaribia sabini. Alikuwa Mnyambo wa Ihembe, mwenyeji halisi wa huku, ndivyo Benadeta alivyokuzwa akijua, ingawa katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu wa Ihembe akija kuwasalimia, wala mama kwenda kuzika huko. "Walishakwisha," mama alijibu mara moja alipoulizwa, na Benadeta hakuuliza tena. Yeye aliyemshuku mchuuzi wa mbuzi, karani wa parokia na jirani aliyehamia mwaka uliopita, kwa mama yake hakuwahi kuona cha kushuku.

"Mama, binti wa Melkiory anazunguka na mashine. Akija hapa, wewe hujui kitu. Mwambie unaumwa. Mjibu Kiswahili tu, tena kidogo."

Kisu cha Speciose hakikusimama. "Nimesikia kwamba amekuja."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu wanapita." Akatupa ndizi kwenye sufuria. "Aje. Mgeni hafukuzwi."

Benadeta alimtazama. Kwa siku mbili zilizofuata aliona mambo asiyoyapenda. Mama alifua gauni lake la Jumapili siku ya Jumanne. Alikuwa akifagia uani, anasimama, midomo inacheza bila sauti. Akiguswa bega anashtuka kama aliyekamatwa. Na Jumanne jioni alitaka kujua kama ile mashine inaweza kufuta maneno ikishayashika.

"Kwani unataka kusema nini, mama?"

"Nauliza tu."

Benadeta hakuwa mtoto. Alijua anayeuliza tu huwa na kitu. Wazo likamjia kwamba watu wa Melkiory wamekwisha kumpitia mama na kumrubuni, pengine kwa kumtisha na kitambulisho. Baba walimchukua kwa daftari, sasa mama watamchukua kwa mashine. Aliapa kwamba safari hii hatasimama akitazama tu.

Agnetha alikuja Jumatano saa nne, kwa miguu, na mkoba wa ngozi begani. Alikuwa amenenepa kidogo na alivaa miwani. Alipofika uani alipiga goti mpaka chini, kama anavyolelewa binti wa huku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekua."

"Bena," Agnetha akasema, akageuka.

"Karibu," Benadeta akajibu, kwa sauti ya kumwambia mtu ofisi zimefungwa.

Mgeni wa heshima huletewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya viungo, kisha zikakaushwa. Nazo zina utaratibu wake. Mwenye nyumba huchukua moja kwanza, huitafuna mgeni akiona, ndipo hukipitisha kikapu, ili mgeni ajue hakuwekewa kitu. Benadeta alikiweka kikapu mezani mbele ya Agnetha, akaketi, akafumbata mikono. Hakugusa hata buni moja.

Agnetha alikitazama kikapu. Alikuwa mzaliwa wa huku, alielewa ametukanwa. Akanyoosha mkono, akachukua buni tatu kwa mpigo, akaziingiza mdomoni na kuzitafuna taratibu huku akimwangalia Benadeta usoni. Hilo Benadeta hakulitegemea, na lilimuudhi.

"Mama," Agnetha akasema baadaye, "nimekuja kukuomba maneno. Nakusanya lugha zinazosemwa na wazee wa huku mpakani kabla hazijapotea. Sitaki kukuficha. Ukikataa naondoka, na wala sitakasirika."

"Twende kwanza ukaone migomba," Speciose akasema. Akainuka, akaegemea fimbo yake, akatangulia. Agnetha akamfuata na kinasa sauti mkononi. Mkoba aliuacha kwenye benchi.

Benadeta alisubiri mpaka migongo yao ilipozama kwenye migomba. Kupekua mkoba wa mgeni ni jambo ambalo angempiga mtu kofi akilifanya, na alijua hivyo. Akaufungua. Palikuwa na chupa ya maji, betri, kanga iliyokunjwa, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, lilikuwapo daftari lao.

Alilitoa kwenye mfuko akalifungua. Uzi alioushona mwenyewe ulikuwa bado umeshika. Enshakara, entobe, embwailuma, na pembeni kichoro cha ndizi yenye miguu alichokichora siku moja wakati wa hesabu. Alifunua upesi kutafuta ukurasa wa baba. Haukuwapo. Kati ya magonjwa ya ng'ombe na majina ya mvua palikuwa na mabaki ya karatasi kwenye uzi, yamechanwa kwa haraka.

Kwa hiyo waliuchana. Waliuchana wakaupeleka. Miaka kumi na miwili alikuwa akijiambia kwamba labda, pengine, huenda. Sasa alikuwa na ushahidi mkononi, na kuwa sahihi hakukumfurahisha.

Aliingia kwenye migomba akikimbia. Aliwakuta chini ya mgomba wa embire, mama ameketi kwenye gogo, Agnetha amechuchumaa mbele yake. Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa.

"Ukurasa wa baba yangu uko wapi?"

Agnetha aliliona daftari, akainuka polepole. "Umenipekua."

"Nimekupekua, ndiyo. Ulimpa baba yako, akausoma mbele ya ofisi. Sasa umekuja kummalizia mama. Sema kwamba siyo!"

"Sikumpa."

"Basi uko wapi?"

"Niliula."

Benadeta alilifunua tena daftari kwenye yale mabaki ya karatasi.

"Baba alikuja chumbani kwangu wiki ile," Agnetha akaeleza, na sauti yake sasa haikuwa ya mwalimu wa chuo. "Akaniuliza, lile daftari lenu la kuandika watu liko wapi? Nilijua anaandaa majina. Nikamwambia nakwenda kulichukua, nikakimbilia nyuma ya zizi. Sikuwa na kiberiti. Nilichana ukurasa ule nikautafuna wote, Bena, na wino wake, nikatapika na nikaula tena. Halafu nikampelekea daftari. Akalifunua, akanirudishia. Baadaye jina la baba yako likasomwa hivyohivyo. Nikajua baba aliliona mapema, kabla sijalitafuna. Sijawahi kumuuliza. Nakula naye, namwamkia, namnunulia dawa za presha, na kila nikimtazama naona karatasi ile mkononi mwake. Barua zangu zote nne zilikuwa zinasema jambo hilo moja."

"Unaweza kusema lolote. Ukurasa haupo."

"Haupo. Sina ushahidi. Nimekuja hivyohivyo."

Walisimama wakitazamana. Hakuna aliyekumbuka kwamba mzee yupo mpaka alipogonga fimbo kwenye gogo.

"Kaeni chini wote wawili," Speciose akasema. "Mmekua wakubwa bure."

Wakaketi kwenye majani makavu ya migomba.

"Daftari halikumpeleka baba yako popote. Jirani mmoja alikwisha kusema kwamba nyumba hii ina mgeni. Jirani huyo amekufa, simtaji. Melkiory alikuja hapa asubuhi, siku moja kabla ya majina kusomwa, wewe uko shuleni. Alisimama palepale kwenye mlango. Akasema, nimeletewa neno kuhusu nyumba hii, lazima niandike mtu. Niandike nani?" Akaelekeza fimbo upande wa nyumba. "Baba yako akasema, niandike mimi. Mke wangu ni Mnyambo wa Ihembe, nilimwoa hapahapa. Melkiory alinitazama muda mrefu. Alijua. Akaandika jina moja."

Upepo ulipita juu ya migomba. Benadeta aliyasikia maneno, lakini yalichelewa kumfikia.

"Alijua nini, mama?"

"Ihembe sijawahi kufika. Tulivuka mto pamoja, mimi na baba yako. Yeye alikuwa mgongoni, mimi natembea nimeshika kanga ya mama yake."

Benadeta, mwenye sikio lililoweza kumtenga mtu wa Ihembe na mtu wa Rugera kwa neno moja la kuagiza mandazi, alikuwa ameishi na mama huyu miaka ishirini na tisa. Alikumbuka jinsi mama alivyokuwa mtu wa maneno machache. Alikumbuka nyimbo zake za kufagilia, ambazo hazikuwahi kuwa na maneno. Alidhani ni tabia yake tu. Hasira ikampanda, na aibu ikaja nyuma yake.

"Hata mimi hukuniambia?"

"Wewe zaidi ya wote. Wangekuja kukuuliza ungeapa bila kusema uongo." Speciose akamgeukia Agnetha. "Mwanangu, lugha yetu niliisema na baba yake tu, kwa kunong'ona, na tangu aondoke nimenyamaza miaka kumi na miwili. Hata ndoto siku hizi naota kwa Kiswahili. Nikifa sasa, hakuna atakayejua kwamba niliwahi kuzungumza. Washa hiyo mashine."

"Usiwashe!" Benadeta akasema, na hakujua anamwambia nani kati yao. "Sauti yako ikitoka hapa, hujui itafika kwa nani. Leo yuko huyu, kesho atakuja mwingine aisikilize."

Alitegemea Agnetha angebisha. Maneno ya mzee wa namna hii, tena mwenye kumbukumbu nzuri, ndiyo aliyosafiri kuyatafuta, na alikuwa amebakiza siku chache tu arudi chuoni. Lakini Agnetha alimwekea Benadeta kinasa sauti mapajani.

"Washa wewe," akasema. "Jina sitauliza, wala mahali. Akimaliza utatoa memori kadi ukae nayo. Sina nakala nyingine. Ukitaka kuitupa chooni, ni yako."

Benadeta alikigeuza kile kidude mikononi. Alitafuta mtego, akaangalia kama kina waya, kama simu ya Agnetha imewashwa. Simu ilikuwa imezimwa. Mwishowe alibonyeza kitufe chekundu, zaidi kwa sababu macho ya mama yake yalikuwa yanamsihi.

Speciose akaanza kuzungumza.

Mwanzoni sauti ilikwama kama bomba lililokaa muda mrefu bila maji. Kisha ikafunguka, na mwanamke aliyezungumza hakuwa yule aliyemjua Benadeta. Alikuwa mwepesi, mchokozi, anaiga sauti za watu, anapiga paja, anacheka katikati ya sentensi. Alizungumza robo saa bila kupumzika, halafu akalia, halafu akaendelea. Benadeta alimsikiliza kwa sikio lake lote lile lililokuwa likisifiwa darasani. Aliambulia maneno machache, yale ishirini ya baba: mto, mgongo, mvua. Na mara saba, jina la baba. Mengine yote yalimpita. Alitamani kumgeukia Agnetha na kumuuliza mama anasema nini, akajizuia, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukubali kwamba jibu ataliamini.

Mama alipomaliza, Agnetha alitoa kadi ile ndogo, akaiweka kwenye kiganja cha Benadeta na kukifumba. Macho yake yalikuwa mekundu nyuma ya miwani. Akamuaga Speciose kwa goti, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Daftari aliliacha kwenye majani.

"Umeelewa?" Speciose akamuuliza binti yake.

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Yale ya baba tu. Rudia kwa Kiswahili."

Mama alijaribu. Akaanza sentensi, akaiacha, akaanza nyingine. Akatikisa kichwa. "Kwa Kiswahili sijui yanaanzia wapi," akasema. "Yule binti amesikia, lugha yetu ameisomea. Alikuwa analia mahali pa kulia. Muulize yeye."

Siku mbili nzima kadi ilikaa kwenye kopo la majani ya chai. Mara kumi Benadeta alifunua kopo na kuitazama. Alijiambia Agnetha anaweza kutafsiri anavyotaka. Anaweza kumsafisha baba yake, anaweza kutia na kutoa, na nani atamkosoa? Mtu pekee ambaye angeweza kumkosoa alikuwa Benadeta, kama angesoma. Hapo ndipo aliposimama katikati ya jiko na kujionea uchungu kwa mara ya kwanza bila kuupa jina lingine. Hakuna aliyemnyang'anya lugha. Baba alichukuliwa, hilo ni kweli, lakini kalamu aliitupa mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alipanda bodaboda mpaka Rugera, kwa kina Agnetha, kadi kwenye leso, daftari kwenye kikapu. Ilikuwa Julai na kila uwanja ulikuwa umeanikwa kahawa. Mzee Melkiory alikuwa akigeuza buni zake juu ya mkeka kwa mkono wa taratibu, mgongo umepinda, suruali imemlegea. Benadeta alikuwa amemtunza kichwani akiwa mrefu.

"Shikamoo, mzee."

Melkiory aliinua uso. Alimtambua, na mkono ukasimama juu ya kahawa. "Marahaba, binti Nsanzimana," akasema. Jina lile, katika kinywa kilekile, Benadeta alikuwa amelisikia mara moja tu, mbele ya ofisi. Mzee hakujitetea na Benadeta hakumuuliza. Mzee aliingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akachukua buni moja, akaitafuna kwa meno yake machache. Ilimchukua muda. Ndipo akakipitisha kikapu kwa mikono miwili.

Benadeta alichukua moja. Ilikuwa chungu, na aliimeza yote.

Agnetha alitoka nyumbani akiwa amejifunga kanga, unga mikononi. Alimwona Benadeta, kisha akamwona baba yake na kikapu, akabaki kizingitini.

"Nimeleta kadi," Benadeta akasema. "Nitafsirie anachosema. Na usipunguze."

Waliketi nyuma ya nyumba, juu ya kinu kilicholazwa. Sauti ya mama ikaanza. Agnetha aliisimamisha kila baada ya sentensi mbili na kutafsiri polepole, akirudia palipomtatiza, akisema waziwazi hapa sina hakika. Safari ya mto ilipita, njaa ikapita, na harusi, ambayo ilikuwa ya kuchekesha. Kisha wakafika asubuhi ile ya koti la kanisani, na Agnetha akaisimamisha mashine akavua miwani.

"Sema."

"Anasema: kabla hajatoka aliniambia, Speciose, huyu mtoto usimfundishe lugha yetu. Asipoijua, hakuna atakayemkamua neno. Nikamjibu, lakini mtoto huyu anapenda lugha kuliko chakula. Akasema, najua, ndiyo maana nakuagiza wewe, maana mimi nimeshindwa kumkatalia. Nimeshampa maneno ishirini."

Benadeta alilia palepale juu ya kinu, kwa sauti, bila kujifunika uso. Agnetha hakumshika bega wala hakumwambia anyamaze. Alingoja. Kwa mbali walimsikia mzee Melkiory akigeuza kahawa yake.

Baadaye Benadeta alitoa daftari, akafunua palepale pa yale mabaki ya karatasi, akachomeka karatasi mpya na kuishonea kwa sindano aliyokuja nayo. Akapiga mistari ya sehemu tatu. Kwenye ya kwanza aliandika neno la kwanza la mama, herufi kwa herufi, Agnetha akimtajia. Kwenye ya pili akaandika maana. Alipofika kwenye ya tatu, kalamu ilisimama. Nani kasema, na katoka wapi. Alimtupia Agnetha jicho, akamwona naye anaitazama ile nafasi tupu.

Benadeta akaandika: Mama. Wa Songambele.